Aliyebaki Kufungua Mlango

Safari yenyewe ya Ufaransa ilikuwa ya siku tano tu, lakini tuliipanga miezi mitatu, na sehemu kubwa ya kupanga ilifanyika jikoni, juu ya viti viwili vilivyowekwa bega kwa bega kama viti vya mbele vya gari. Mume wangu alikaa kulia ameshika sinia la bati, ndio usukani. Mimi kushoto. Kwa asiyejua, Ufaransa magari hupita upande wa kulia wa barabara, na gari letu lilikuwa la Uingereza, usukani wake kulia, kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja. Anayeona ni yule wa kushoto. Basi mume wangu akawa ananifundisha. Yeye akiuliza, "Vipi?" mimi nachungulia kule kwenye kalenda ya ukutani nasema "Ngoja" au "Pita". Siku moja nilisema pita, akaliweka sinia chini akaniambia nimeshatuua sote, kulikuwa na trekta. Nikamuuliza trekta liko wapi. Akanionyesha kabati la vyombo.

Tulicheka. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anachambua mchele. Yeye hakucheka. Akauliza, "Na wa nyuma anaona nini?"

Mume wangu akasema wa nyuma ni wewe, mama, utaona ng'ombe.

"Wa nyuma tuko wawili," akasema mama.

Nyumba ile tulikuwa watu watatu.

Niseme kwanza tulikuwa nani. Tulikaa Rayners Lane, mwaka wa nne tangu tutoke Mombasa, wakati ule Wahindi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakishuka London kila wiki na masanduku yao, hawa wa Kenya, hawa wa Uganda, kila mmoja na habari ya nyumba aliyoiacha. Mimi mzaliwa wa Mombasa. Mume wangu na mama yake ni watu wa Unguja. Kikachi, lugha ya wazee wetu wa Uhindi, tulisema tukigombana, Kiswahili siku nyingine zote. Shule niliacha darasa la nne kwa sababu ya macho, na miwani niliipata hapa London nikiwa mke wa mtu, na siku niliyoivaa ndipo nilipojua kwamba mti una jani mojamoja, mimi nilidhani ni kitu kimoja kama godoro. Haya. Nilifanya kazi kiwanda cha biskuti, zilizo nzima huku, zilizovunjika kule. Mume wangu alikuwa karani wa reli, kutwa anawakatia watu tikiti za kwenda mahali, mpaka na yeye akapata tamaa ya kwenda mahali.

Alichotaka kuona ni masoko. Si minara wala majumba ya wafalme. Baba yake alikuwa na duka Unguja, na siku za mapumziko alikuwa akimchukua mtoto wake kwenda naye shamba kwenye magulio, kutazama tu watu wanavyouza. Sasa mume wangu aliazima vitabu maktaba, akaandika kwenye daftari kila mji mdogo na siku ya soko lake: Jumatatu kuku na jibini, Jumatano vitunguu na vikapu, Ijumaa bata. Ramani aliitandaza sakafuni, akaibana kwa kopo la samli. Majina ya ile miji mimi sikuweza kuyatamka, nikaipa yangu: Mji wa Vitunguu, Mji wa Bata, Mji wa Mto Mchafu. Mpaka leo nikiulizwa nawajulisha watu hivyo hivyo. Chakula tulishakipanga. Chapati kavu za uwatu zinakaa wiki nzima, achari mtungi mmoja, mayai tutanunua, nyama hatuli ya mtu tusiyemjua. Nilikuwa nimeshanunua viatu na kuomba likizo kiwandani.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe mama akasema hendi.

Mume wangu alidhani ni bahari inamtisha, akaanza kumweleza meli ya kuvukia pale Dover ilivyo kubwa, gari linaingia tumboni kama mzigo. Mama akamwacha aseme mpaka amalize. Kisha akasema: "Baba yako akija akikuta pamefungwa, atakwenda wapi?"

Hapa lazima nirudi nyuma, na mimi sikuwepo, nasema nilivyoambiwa. Mwaka ule wa fujo kule Unguja waliondoka asubuhi moja, mama na mwanawe, na bahasha ya karatasi na nguo za kubadili. Baba alisimama mlangoni mwa duka. Akawaambia, nendeni mbele, nafunga milango nawafuata. Duka lilikuwa na milango ya mbao, ubao mmoja mmoja unapachikwa kwenye mfereji wake, kazi ya robo saa. Walimngojea bandarini, wakamngojea Dar es Salaam, wakamngojea Mombasa miaka. Hakuna aliyemwona amekufa. Hakuna aliyemwona hai. Kaburi hakuna, barua hakuna.

Kwa hiyo mama hakuwa mke na hakuwa mjane. Hakukaa eda, maana utakaaje eda ya mtu aliyekwenda kufunga mlango? Bangili zake alizivaa. Na kila aliyesafiri kurudi pwani, mama alimpa kikaratasi chenye anwani yetu, akamwambia akiache popote, msikitini, hotelini, kwa muuza kahawa. Mimi ndiye niliyeviandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, na wakati mwingine nikiandika nywele zilinisimama, nikifikiria anwani ya nyumba ninayolala imetawanywa huko kote, na mkono gani utaiokota.

Na mume wangu? Hata siku moja sikumsikia akitamka kwamba baba yake amefariki. Akisema "baba" anasema kama mtu aliye chumba cha pili. Alipoambiwa neno lile la mama alikunja ramani, akaikunja vibaya, akasema basi safari imekufa. Daftari akalitupa juu ya kabati, likakaa huko siku mbili.

Ndipo nikasema nitabaki mimi. Mama aende akae kiti changu, mimi nitakuwa nyumbani, akija mtu nifungue.

Watu wamenisifu kwa hilo, na sifa hiyo si yangu yote. Nilimhurumia mama, kweli. Lakini pia tangu niolewe sikuwahi kukaa peke yangu ndani ya nyumba hata siku moja, na nilipofikiri siku tano za kunywa chai bila ya kuulizwa sukari iko wapi, moyo ulinituma. Mume wangu aliniita kando akaniambia, "Bibi wee, unamwendekeza." Nikamwambia mwambie wewe, basi, kwamba haji. Akatazama viatu vyake.

Wiki zilizobaki mama alikaa kiti cha kushoto, mbele ya kabati la vyombo, akajifunza kusema ngoja na pita. Alijua kuliko mimi. Hakuwahi kusema pita mara ya kwanza.

Na mimi alinifundisha yangu. Nisitie komeo. Nisiende mbali zaidi ya duka la kona, na nikienda niache mlango umerudishiwa tu. Atakuwa amekonda. Nimpe maji kwanza, chai baadaye. Nisimuulize alikuwa wapi. Alinieleza haya kwa sauti ile ile aliyonielezea namna ya kuosha bizari, na mimi nikaitikia naam mama, naam mama. Siku ya mwisho akanishika mkono akasema, "Atakuona wewe si mimi, atashtuka. Mwambie wewe ni nani."

Waliondoka Jumatatu asubuhi. Gari lilipopinda kona nilirudi ndani, nikakaa sebuleni, nikainua miguu juu ya kochi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa raha. Nilikula biskuti zilizovunjika, nilisikiliza redio ya Kiingereza bila kuelewa nusu yake. Ulikuwa mwezi wa Juni, na anayejua London anajua Juni yake, jua halitaki kuondoka, saa tatu usiku bado mwanga upo ukutani kama umesahauliwa. Hatukuzaliwa na mwanga wa namna hiyo. Kwetu jua likiaga limeaga.

Jumatano niliswali alasiri, nikakanda unga. Mtaa ulikuwa kimya, kina mama bado makazini. Pakabishwa hodi.

Sikusema kengele ililia. Mlango wetu ulikuwa na kengele, na London hakuna anayeiacha kengele akabisha kwa vidole. Mwenye maziwa, wa gesi, jirani, wote wanabonyeza. Huku kulikuwa ni kubisha kwa vifundo vya vidole, mara tatu, taratibu, kama mtu anayejua kwamba ndani kuna wanawake na anawapa muda.

Nilikwenda na unga mikononi. Nikafungua.

Hapakuwa na mtu. Lile geti dogo la mbele lilikuwa limefungwa na kijiti chake. Kushoto mtaa mtupu, kulia mtaa mtupu mpaka kona, na ni mtaa mrefu, mtoto mkorofi asingeweza kuumaliza. Siku ilikuwa ya joto, na mbao hulia kwa joto, hilo nalijua, nimeliwazia miaka yote hii. Lakini wakati ule sikuwaza. Mdomo wangu ulisema, "Karibu." Na miguu yangu ikasogea pembeni, mgongo ukutani, kama unavyompisha mtu kwenye njia nyembamba. Nikangoja kiasi cha mtu kupita. Kisha nikafunga mlango.

Nikarudi kwenye unga wangu. Nikasukuma chapati, nikazipika, nikabandika chai, nikaitia maziwa na iliki. Nikamimina vikombe viwili. Vyote viwili nikaviacha mezani, sikukaa. Nikapanga vyombo, nikafuta jiko lililokuwa safi. Miguu ikaanza kuuma ndipo nikajitazama. Nilikuwa nimesimama kwa muda mrefu sana, chai imeganda utando juu, na nimejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi.

Kwetu mke wa mtoto hakai mbele ya baba mkwe, wala hamkabili kichwa wazi. Mimi baba mkwe sikuwahi kuwa naye. Niliolewa yeye ameshapotea. Hiyo adabu sikuwahi kumfanyia mtu yeyote, hata mara moja, na sikukumbuka kuuchukua ule mtandio. Ulikuwa chumbani, ndani ya kabati.

Sikukimbia. Ningekwenda wapi? Nilibaki wima jikoni, mlango wa sebuleni uko wazi nusu, na sikuugeukia. Mwanga uliendelea kukaa ukutani. Niliogopa, lakini kwa namna unavyoogopa mgeni mkubwa usije ukamkosea. Hata kukohoa nilikohoa mkononi. Ilipoingia magharibi nikahisi nyumba imelegea, sina neno jingine, kama mtu anapoinuka kwenye kitanda cha kamba. Nikaingia sebuleni. Kochi, redio, basi. Nikala chapati nne nikalala taa zote zinawaka.

Walirudi Ijumaa jioni. Mume wangu amebabuka pua, anacheka, ana shada la vitunguu shingoni kama bwana harusi, anaeleza soko lile lilivyokuwa, bata walivyofungwa miguu kama kwetu, mzee mmoja alivyompimia jibini huku wakibishana kila mmoja kwa lugha yake. Mama alivua viatu, akasubiri mwanawe atoke kwenda kuchukua mizigo. Akaja jikoni.

"Alikuja?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana. Nikasema, "Pakabishwa, mama. Nilifungua."

"Ukaona nini?"

"Sikuona mtu. Nikasema karibu."

"Ukampisha?"

"Nikampisha."

Alinitazama kichwani, kwenye nywele zangu, kama anajua. "Ulikaa?"

"Nilisimama mpaka magharibi."

"Chai?"

"Hakunywa."

Mama akatikisa kichwa polepole. Hakulia. Akakaa kwenye kiti chake, akaanza kuzivua bangili, moja moja, kwa sabuni kwa sababu vidole vilikuwa vimenenepa, akazipanga juu ya meza. Akaniomba nguo yake nyeupe isiyo na nakshi. Mume wangu alipoingia na kikapu alizikuta bangili pale, akauliza kuna nini. Mama akamwambia anakaa eda, miezi minne na siku kumi kuanzia leo, maana habari imemfikia leo.

Akamuuliza nani amemletea habari.

"Baba yako kaja Jumatano," akasema mama. "Mkeo kamfungulia. Aliye hai angekunywa chai."

Nilidhani atanigeukia kwa ukali, na ningestahili, labda. Aliweka kikapu chini. Alisimama akitazama zile bangili, pua yake imebabuka, shada la vitunguu bado shingoni. Kisha akaenda kwenye simu, akampigia ami yake aliyekaa Leicester, ndugu wa baba aliyekuwa amebaki. Alisalimia, akauliza hali, kama ada. Halafu nikamsikia.

"Ami, baba amefariki."

Mtu wa upande wa pili bila shaka aliuliza lini, kwa sababu mume wangu alifunika simu kwa mkono, akanitazama mimi.

Nikamwambia Jumatano, baada ya alasiri.