Visanduku Visivyotiwa Tiki

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana, natengeneza kurasa za tovuti mjini Wete pamoja na Zuwena, binti wa kijiji cha Gando. Miaka ya vyama vingi ilikuwa ishatufundisha kwamba alama moja kwenye kisanduku yaweza kugombanisha ndugu. Mimi somo hilo lilinipita.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kuwapasua wazee wenye mtoto wa jicho. Zuwena akapewa kazi ya ukurasa wa majina: kila mzee na kisanduku chake, daktari amtie tiki anayefaa kupasuliwa, kisha ukurasa ukusanye wenye tiki ili masheha wa vijiji wawaite. Kazi ile niliitaka mimi. Nilimwonea wivu, sikufichi.

Akaniomba nimpitie msimbo wake wa JavaScript. Kosa nililiona mara moja. Aliandika querySelectorAll("input[type=checkbox]") akasahau kumalizia :checked, neno linalouambia ukurasa uchukue vyenye tiki tu. Bila hilo huvizoa vyote. Nikamwambia iko sawa. Nilitaka aaibike mbele za watu.

Asubuhi ya kupasuliwa wazee walijaa hospitalini mpaka nje, hawajala tangu jana kama walivyoagizwa. Miongoni mwao nikamkuta mama yangu, ametoka Kojani kwa mashua, kashikwa mkono. Daktari hakumtia tiki, sukari yake ilikuwa juu, ila ukurasa ulimzoa na yeye. Nilipomwamkia, alinitambua kwa sauti.

"Mwanangu, nambiwa leo ntakuona uso."

Hasidi hana sababu, na mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikaeleza yote palepale, Zuwena akisikia. Akaenda kuliandika lile neno. Mama akanipapasa uso, kuanzia paji hadi kidevu.

"Si neno," akasema. "Nshakuona."

Alirudi Kojani bila kupasuliwa, akafariki kabla madaktari hawajarudi. Mpaka leo neno hilo la mama linaniuma.

Basi, mwanangu, ukiona kosa la mwenzio mwambie siku hiyohiyo, na umuwahi zaidi yule unayemwonea wivu, maana kosa lake likianguka halichagui wa kumwangukia. Wivu utakujia, wewe ni binadamu. Usiupe kazi tu. Mungu akujaalie jicho la kuona, ulimi wa kusema, na mama yako akutazame uso akaridhika nao. Amin.