Mstari wa Zainabu katika Gazeti la Sultani

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kama jana, nilichana gazeti la watu ili nifutie madirisha. Nilikuwa msichana wa kazi mtaa wa Kandara, Jeddah, Uarabuni, mjuaji kwelikweli. Kwetu Mombasa vioo tulivifuta kwa siki na gazeti kuukuu, na kuukuu kuliko lile sikupata kuliona. Nilishalipasua katikati, nusu ya juu nimeilowesha siki, ndipo aliponikuta mama mzee, mwenye nyumba.

"Halas! Wacha!" alipiga ukelele.

Nikasema moyoni, leo kazi imekwisha, narudishwa kwetu.

Akaichukua ile nusu kavu. Lilikuwa gazeti la enzi Sultani wa Waturuki alipotawala Jeddah, upande mmoja Kituruki, wa pili Kiarabu. "Umelisoma?"

Kiarabu cha chuoni, cha Kurani, nilikuwa nacho kidogo, nikajitetea: "Nimesoma mbele, mama. Sifa za Sultani tu, mafi habari, hamna la maana."

"Aliyezipanga herufi hizo mtamboni ni babu yangu," akasema. "Aliamrishwa sifa, akapanga sifa. Mkaguzi wa gavana alisoma mbele, akichoka anagonga muhuri. Sasa soma nyuma, chini kabisa."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Palikuwa na orodha ya meli zilizotia nanga, na chini yake mstari mmoja mwembamba: Amezaliwa Zainabu, binti wa mpanga herufi. Mama na mtoto wazima.

"Zainabu ni mama yangu. Hakuacha karatasi nyingine yenye jina lake ila hii."

Nikaangua kilio. Yeye akaitazama ile nusu iliyolowa, akalitazama dirisha linavyong'aa, akacheka mpaka akakaa chini. "Wallahi, leo sifa za Sultani zimefaa kitu!" Nami nikacheka na machozi yangu. Mstari wa Zainabu tuliutia fremu, na kioo chake nilikifuta mimi kila Ijumaa, kwa kitambaa, tena taratibu!

Sasa wewe unakwenda kazi za nyumbani Al-Naseem, Riyadh. Cha watu usikitupe hujauliza. Kuuliza si ujinga. Wala usimdharau mtu kwa maneno anayoamrishwa kuyasema, msome mpaka chini. Nawe utasema "ndiyo, madam" ukurasa mzima. Sema, ndiyo kazi. Lakini pembe ya chini ni yako, mwanangu. Andika humo furaha yako, nasi huku tutaisoma.

Mungu akufikishe salama, akupe mabosi wanaojua kucheka, akurudishe kwetu mzima.