Kiingereza Kilichopigwa Pasi

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa limesahaulika hata nyumbani kwake. Pale kwenye taasisi ya utafiti, tangu mkurugenzi mpaka mlinzi wa geti, wote walimwita Bwana Pasi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoosha. Si nguo, nguo zake alinyooshewa na mkewe, tena kwa manung'uniko. Yeye alinyoosha Kiingereza cha wanasayansi.

Usicheke. Unaweza kuwa bingwa wa mdudu fulani, ukamjua mpaka anavyoota ndoto, lakini ukikaa kuandika habari zake kwa Kiingereza, linatoka andiko lenye mikunjo kama shati lililolaliwa. Hapo ndipo unapopanda ngazi, unapita stoo ya chupa tupu, unabisha mlango wa kachumba chenye feni bovu. Unamkuta ndani, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, kama hakimu anayemsubiri mshtakiwa. Sisi tuliokimbiwa na shule tulikuwa tukipita pale makusudi, maana kuna raha yake kumsikia profesa mzima akikemewa.

"Hili 'sana' la nini hapa? Toa. Sayansi haina 'sana'. Pima, andika namba, nyamaza."

"Sawa, mzee."

"Na namba usiigandishe na kipimo chake, si wachumba hao. Wape nafasi. Jina la kijidudu liandike kwa herufi za mlazo, lilale upande. Halafu huyu 'mimi' anatafuta nini humu? Maji hukuyachemsha wewe. Maji yalichemshwa. Basi."

"Si niliyachemsha mimi, mzee? Hata kidole kiliungua."

"Kidole chako hakimhusu msomaji."

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa moja: usiseme kitu kwa kukata. Weka "huenda". Weka "inaelekea". Na mwisho kabisa wa kila andiko, hata la mtu aliyepima urefu wa majani, Bwana Pasi aliweka sentensi yake aipendayo: utafiti zaidi unahitajika. Aliiweka kama fundi cherehani anavyofunga uzi wa mwisho. Majarida ya mbali yalimsifu kwa hilo, na sifa zikamwingia mpaka kwenye mifupa. Siku moja mkewe alimuuliza kama mchuzi umezidi chumvi. Akafikiri, akasema, "Inaelekea iko juu kidogo ya kiwango kilichotarajiwa." Mkewe akaivuta sahani. "Basi na wewe inaelekea umeshiba."

Sasa, Bwana Pasi alikuwa na dada yake mkubwa, mjane, aliyekaa upande wa pili wa mji, ukuta kwa ukuta na karakana ya kuyeyusha betri chakavu za magari. Dada alikuwa akilea mjukuu wake, kasichana kadogo kenye mdomo usiofunga, mpaka kakaitwa Kasuku. Kila Bwana Pasi alipokwenda kuwatazama, kalikuwa kakimsubiri getini, mikono kiunoni:

"Babu Pasi! Leo umemnyoosha nani?"

"Leo nimemnyoosha daktari wa popo."

"Alilia?"

"Kidogo."

Nako kakaangua kicheko. Nyuma yao bomba la karakana likitoa moshi wake wa kijivu, na dada akizifua upya nguo alizokwisha kufua asubuhi, maana masizi yalitua kwenye kamba kabla hazijakauka.

Ndipo akaja Bi Udongo. Huyu alikuwa mtafiti kijana, mkavu wa maneno, aliyekuwa akizunguka na mifuko yake ya sampuli mpaka kucha zikasahau rangi yake. Aliingia kwenye kachumba na andiko lake, hakukaa.

"Mzee, hili nataka litoke haraka. Halmashauri imesema haigusi ile karakana ya betri mpaka iletewe utafiti uliochapishwa kwenye jarida. Nimepima udongo, vumbi la madirishani na damu za watoto. Risasi, yale madini ya kwenye betri, imejaa kote."

Bwana Pasi akalisoma. Akaliona jina la mtaa. Ulikuwa mtaa wa dada yake. Hakusema. Katika dini yake, undugu ulikuwa kama yule "mimi", hauna nafasi kwenye andiko. Lakini moyoni alijiapiza kwamba hili litapita hata kama atalinyoosha mpaka pasi iyeyuke.

Sentensi ya mwisho ya Bi Udongo ilisema hivi: moshi wa karakana hii unawatia watoto sumu, na ifungwe.

"Mwanangu," akasema, "hii ni kelele."

"Ni kweli, mzee."

"Kweli nayo huvaa shati. Ukipeleka hivi, jarida litakurudishia kabla wino haujakauka. Niachie."

"Usiniharibie."

"Mimi? Nimeanza kazi hii wewe hujaota meno!"

Akalikalia. Hakuna andiko alilowahi kulikalia kwa mapenzi kama lile. Kila alipomkumbuka Kasuku pale getini, alizidi kuwa mwangalifu. Na kila alipozidi kuwa mwangalifu, aliongeza "huenda" nyingine. Alipomaliza, sentensi ile ilisema kwamba matokeo haya yanaweza kuashiria kuwa huenda upo uhusiano kati ya shughuli za eneo hilo na viwango vilivyoonekana kwa baadhi ya watoto. Utafiti zaidi unahitajika. Bi Udongo akasoma, akatia saini, kwa sababu watoto walikuwa wakingoja. Jarida lililipokea bila kurudisha hata nukta. Likaandika kwamba lugha ni ya kupigiwa mfano.

Siku ya halmashauri Bwana Pasi alivaa koti. Alikaa kiti cha nyuma ukumbini, kidevu juu, kama baba wa bwana harusi. Dada yake alikuwepo, Kasuku amemlalia mapajani. Siku hizo kalikuwa kakilalamika tumbo, na maneno yalikuwa yamepungua. Dada alisema kanakua, kanapata aibu.

Mwanasheria wa karakana akasimama, mtu wa tabasamu laini. Hakubisha hata namba moja. Akalifungua jarida, akaisoma sentensi ya Bwana Pasi polepole, akiitafsiri kwa sauti tamu.

"Waheshimiwa, hawa ndio wataalamu. Wenyewe wanasema 'huenda'. Wanasema 'baadhi'. Sisi tufunge kazi za watu kwa 'huenda'?"

Ukumbi ukaguna. Bwana Pasi akajikuta amesimama, koti limemshika makwapani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hiyo 'huenda' nimeiweka mimi. Ni adabu ya uandishi tu, haina maana kwamba..."

"Subiri, mzee," mwenyekiti akamkata. "Jibu moja. Mna hakika au hamna?"

Na hapa, ndugu yangu, ndipo utakapomwonea mtu huruma. Alifungua mdomo aseme tuna hakika. Lakini ulimi uliozoea njia moja miaka yote hiyo ukashika njia yake.

"Inaelekea..." akasema, "inaelekea tuna..."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Udongo akapaza sauti kutoka mbele, "Tuna hakika!" Mwenyekiti akamgeukia. "Kama mna hakika, binti, mbona hamkuandika?" Bi Udongo alimtazama Bwana Pasi mara moja tu, kisha akaangalia kucha zake.

Uamuzi ulisomwa palepale. Halmashauri inakubaliana na wataalamu: utafiti zaidi unahitajika.

Bi Udongo alihama taasisi bila kuaga. Bwana Pasi aliliandikia jarida akiomba sentensi ibadilishwe. Likajibu kwa upole kwamba hitimisho halibadilishwi bila vipimo vipya. Karakana ikaongeza tanuri la pili.

Daktari wa kliniki ndiye aliyewaeleza habari za Kasuku. Hakutumia hata "huenda" moja. Alisema sumu inaweza kupunguzwa kwenye damu, lakini iliyokwisha kuharibu kichwani haitengenezeki, na kwamba mtoto asirudi kwenye vumbi lile.

Nje ya kliniki dada akamshika mkono. "Kaka, wewe ni msomi wetu. Ni ule moshi, au si ule moshi?"

"Ni ule moshi."

"Mlijua?"

"Tulijua."

Akamwachia mkono.

Bwana Pasi aliwaomba wahamie kwake. Dada akamtuma jirani na jibu kwamba atafikiria. Alipokwenda mwenyewe kuwachukua, Kasuku alikuwa amekaa chini getini, miguu mbele. Bwana Pasi akasimama mbele yake, akangoja lile swali. Mtoto akamtazama, midomo ikacheza kidogo, kisha akarudia kuchora mchangani kwa kidole.

"Leo sijamnyoosha mtu," akasema hata hivyo.

Ndani ya ua, dada alikuwa akianua nguo. Bwana Pasi akapokea shuka upande mmoja ili walikunje pamoja, na lilipofunguka wakaona masizi yametapakaa kote. Dada akalitazama, akamtazama yeye, akalinyakua mikononi mwake na kulirudisha kwenye beseni.