Adeudeu Iliyovuka Boda

Juzi nilikuwa matangani huko Moding. Kijana wa muziki aliunganisha simu yake kwenye spika, na katikati ya kelele nikasikia adeudeu, kile kinubi chetu cha Wateso chenye ngozi ya ng'ombe. Niliondoka kabla ya chakula. Niliwaambia miguu imechoka. Wewe nitakueleza ukweli.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani pale Malaba, mpakani na Uganda, na binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka tisa. Aliona mwanga tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Mchana alikaa kibarazani na bibi yake wakibambua karanga, na malori yalipopumua breki barabarani aliyajibu kwa vidole juu ya ungo. Babu yake alisikia hayo, akamchongea adeudeu. Kando ya kila uzi alikata alama kwa kisu, moja, mbili, mpaka tano, ili mtoto azijue kwa kugusa. Mwaka huohuo akafariki. Jioni, nyumba ikinukia ufuta wa kukaanga, mtoto alipiga mpaka ugali wa mtama ukapoa. Mama yake akimwambia ale, alijibu kuwa mikono imejaa.

Shule yake ilikuwa na darasa dogo la watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Mwalimu wao alitaka kuwapeleka kwenye tamasha la muziki, ila hapakuwa na nauli, sare wala ngoma. Tukaitisha harambee. Mimi nikawa katibu, na nilipenda kuitwa hivyo kuliko ilivyofaa.

Unajua mnada wa harambee zetu. Mtu hununua jogoo kwa bei ya ng'ombe, anapigiwa makofi, kisha anamrudisha kwa mwenyewe. Ndiyo heshima yenyewe. Basi michango ilipolegea, niliichukua adeudeu mapajani mwa binti yangu nikampa mwendesha mnada. Sikumwomba mtoto ruhusa. Nilimnong'oneza tu kwamba itarudi sasa hivi.

"Boss wa Tororo, usituaibishe mbele ya shemeji zako," mwendesha mnada alimtania mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka. "Ama pesa ya huko ni ya kufungia karanga?"

Watu wakacheka. Yule mzee akapandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza. Nauli ikapatikana, sare zikapatikana, na ngoma mbili juu yake. Kisha akaitia adeudeu kwapani, akatushukuru kwa adabu, akapanda nyuma ya baiskeli ya boda boda, akavuka. Hakukosea. Alikuwa amenunua kitu, na hakuna aliyemweleza desturi yetu.

Ningeweza kumfuata, mpaka haukuwa mbali. Lakini mwalimu mkuu alikuwa akitangaza jumla, jina langu likapigiwa makofi, nami nikaogopa kwamba mzee yule akiirudisha atadai pesa zake. Nikabaki kwenye kiti cha wageni.

"Baba, ameirudisha?"

"Anaitazama kidogo tu. Ataileta kesho."

Kesho hiyo niliisema wiki tatu. Kwenye tamasha wenzake waliimba vizuri sana. Yeye alisimama mstari wa nyuma, akipiga makofi.

Baadaye nilimnunulia nyingine kwa fundi wa Amagoro, nikazikata zile alama mwenyewe. Alizipapasa taratibu, uzi baada ya uzi. "Hizi ni zako, baba," akasema, bila hasira, akanirudishia.

Hakupiga tena. Bibi yake tulimzika, kibaraza kikaanguka, na darasa lile lilifungwa mwalimu alipohamishwa. Binti yangu sasa ana watoto wake huko Matayos. Hunipigia simu kila Jumapili, ananiuliza kama nimekula, kama nimemeza dawa. Namjibu. Kisha tunanyamaza wote wawili, na kimya hicho najua kilianza lini, na ni nani aliyekianzisha.