Siku ya Kwanza Budapest

Safari yangu ya Budapest niliipanga nikiwa kwenye eda, na sitaficha kwamba nilicheka. Mume wangu alikuwa ametimiza miezi miwili kaburini. Binti yetu wa mwisho, anayesoma huko Ulaya, hakuwahi mazishi. Alikuwa katikati ya mitihani, na sisi tulizika siku ileile. Aliponipigia simu akasema, "Mama, eda ikiisha njoo. Nina likizo ya siku nne, tiketi nakata mimi," nilijibu ndiyo kabla sijafikiri. Simu ilipokatika nikaogopa.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ni fundi cherehani hapa Singida mjini. Miezi ile alihamishia cherehani yake sebuleni kwangu ili nisikae peke yangu. Nilipomweleza habari ya safari, akasimamisha gurudumu kwa mkono.

"Si angekuja yeye?"

"Siku nne zote zingeishia njiani."

"Haya. Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mtoto, wifi."

"Mtoto ana chumba kimoja. Nauliza mwenyeji wako nani."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Hata ukienda Shelui kwa siku moja, lazima awepo mtu wa kumpigia hodi. Nikampigia binti yangu nikamwuliza mwenyekiti wa mtaa wao ni nani, nikajitambulishe na kumpelekea asali ya Itigi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, huku hakuna mwenyekiti wa mtaa! Yupo bibi mwenye nyumba tu."

Jioni akatuma ratiba kwenye simu, na wifi akaisoma kwa sauti. Siku ya kwanza, ngome ya wafalme juu ya kilima, na daraja la zamani. Siku ya pili, bafu za maji moto yanayotoka ardhini. Siku ya tatu, soko kuu na boti ya mtoni. Siku ya nne, zawadi na kurudi.

"Bafu?" wifi akashangaa. "Unapanda ndege kwenda kuoga? Beseni huna?"

"Anasema wanaoga wengi pamoja. Hata wanaume wamo."

"Astaghfirullahi! Futa."

Nikachukua kalamu, nikainakili ratiba kwenye daftari bila zile bafu. Lakini niseme kweli, niliziacha kwa huzuni. Magoti yangu husumbua kila msimu wa baridi, na maji ya moto yanayotoka ardhini bila kuni niliyatamani.

Siku chache baadaye nilimwuliza binti yangu huyo bibi mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku aliyopata habari ya baba yake, bibi yule alisikia kilio ukutani. Akaja na kiti chake mwenyewe na sufuria ya supu, akaketi. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Lugha yao binti yangu alikuwa bado anaibahatisha.

"Alikuwa ananishika mkono tu, Mama."

Sikuwa mwema mara moja. Kwanza niliona wivu, maana mkono ule ulipaswa kuwa wangu. Halafu ndipo nikajua ninakwenda kwa nani. Mtu aliyekaa na mwanao msibani unamshukuru uso kwa uso. Nikafuta ngome nikaandika: Siku ya kwanza, kukaa na bibi.

Binti yangu hakupenda. "Mama, siku nne tu! Uje Ulaya ukae kwenye kiti?"

"Ngome haina miguu, nitaikuta kesho yake."

"Mambo yetu bibi hayajui. Atashangaa."

Hilo lilinichoma. Sikutaka kumwaibisha mtoto kwa mtu anayempa makazi. "Basi muulize kwanza," nikasema. "Akikataa, nitamsalimia mlangoni, nipite."

Jibu lilichelewa. Eda ikaisha, nikaoga, nikavaa gauni jipya alilonishonea wifi, nikatoka mwenyewe kwenda sokoni kununua vitunguu. Nilikaa muda mrefu nikichagua, nikafurahia hata kusukumwa. Viza nayo ikatoka. Lakini kila simu ikilia niliruka, nikidhani ni bibi amekataa.

Hatimaye binti yangu akapiga, nami nikaweka sauti kubwa ili wifi asikie.

"Mama, bibi anasema karibu sana. Ila siku utakayofika hakai nyumbani. Tangu afiwe na mumewe, kila wiki siku hiyo huenda na shoga zake wawili kwenye zile bafu. Wanakaa kwenye maji mpaka shingoni, wanawazungumzia marehemu wao. Anasema wajane wa huku ndiko wanakokaa. Ameshakuhesabu wa nne."

Nilimtazama wifi, nikingoja astaghfirullahi yake. Yeye akavua futi shingoni.

"Simama wima."

"Wifi!"

"Simama, nipime. La mikono mirefu, mpaka kwenye vifundo, na kofia juu. Mjane wa kaka yangu hatakwenda kukaa na wenzake hana vazi."

Binti yangu alikuwa amesema kitambaa kiwe chepesi, kisichonywa maji. Dukani tulikuta cha jezi tu, chekundu, rangi ya timu ambayo mume wangu hakutaka hata kuisikia.

"Kaka angeiona hii angegoma kula," wifi akasema.

"Angegoma mchana. Jioni angeuliza wali uko wapi."

Tulicheka, kisha wifi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa kilekile. Nikafungua daftari, ngome nikaiandika siku ya pili. Halafu nikachemsha maji, tukakiloweka kitambaa kwenye beseni, tukachuchumaa pande zote mbili kuangalia kama kitachuja. Hakikuchuja.