Lusungu na Benchi la Nyuma

Ukimuuliza mtu wa kanisa letu hapa Tegeta kwamba Lusungu ni nani, atakujibu, "Si yule aliyezalia nyumbani?" Basi, amemaliza. Mie nitaanza na piano, maana habari za mtoto mmeshazisema mpaka zimewachosha midomo.

Piano ililetwa na familia moja iliyohama. Ilishushwa kutoka kwenye Kirikuu, kale kagari ka mizigo, ikasukumwa pembeni ya madhabahu, ikageuzwa meza ya maua. Ndani panya walizaa na kulea. Lusungu alikuwa ndiyo kwanza ametoka Tukuyu, anakaa kwa mjomba wake, asubuhi anauza maandazi. Kwao baba yake mwinjilisti alimfundisha kinanda tangu mdogo. Siku ya kwanza kuiona ile piano aliondoa maua bila kuomba ruhusa, akatoa panya, akafuta kila kibao kwa kitambaa cha maji na sabuni. Jumapili iliyofuata tuliimba na piano, na kwaya ikagundua kwamba miaka yote ilikuwa inaimba ovyo.

Jumamosi akawa anafundisha yeyote anayetaka. Ndipo nilipojifunza mie, niliyeishia la saba. Kwake hukugusa piano kabla hujasikia kisa cha mtunzi.

"Kupiga kazi ya mtu usiyemjua," alikuwa anasema, "ni kama kuvaa nguo ya marehemu bila kuuliza ndugu zake."

Akatusimulia Beethoven alivyoanza kuwa kiziwi, akawa anajificha, watu wakasema ana maringo. Akatusimulia Mozart alivyogombana na askofu mkuu aliyemwajiri, mpaka siku ya kuondoka mtu wa askofu akamsindikiza kwa teke.

"Teke la kweli?" aliuliza Monica, mama mmoja wa sauti ya kwanza.

"La makalioni, mama. Mlangoni."

"Akarudi kuomba msamaha?"

"Arudi wapi? Alienda kutunga."

Ila aliyempenda zaidi ni Bach. Kijana wa miaka ishirini hivi, mpiga kinanda wa kanisa, aliomba ruhusa ya wiki chache, akatembea kwa miguu mpaka mji wa mbali kumsikiliza mzee mmoja bingwa wa kinanda, akapotelea huko miezi. Aliporudi wazee wa kanisa wakamweka kati. Ulikuwa wapi? Mbona unachanganya nyimbo kwa sauti za ajabu, waumini wanapotea? Na yule binti mgeni uliyempandisha kule juu kwenye kinanda ni nani?

"Leo lile kanisa linaitwa kwa jina lake," Lusungu alimalizia. "Wale wazee, nani anawajua?"

Tulicheka. Ansbert naye alicheka, amesimama dirishani na suti yake.

Ansbert ni kiongozi wa kwaya. Anajua kuvaa, anajua kuomba, akinyanyua mkono hata wasioimba wanavuta pumzi. Mazoezi yakiisha alikuwa anabaki na Lusungu "kupanga nyimbo". Kwaya nzima ilikuwa inaona. Wengine walikuwa wanawaachia mwavuli.

Tumbo lilipoonekana, wazee wakamwita Lusungu. Peke yake. Alimtaja Ansbert. Wakamwambia alete shahidi. Shahidi! Hivi mambo hayo watu huwa wanaalika mashahidi? Ansbert alikana, na Jumatano akasimama mbele yetu na kusema kwa sauti ya upole, "Wapendwa, tumwombee dada yetu, ameteleza." Wale waliokuwa wanawaachia mwavuli wakainamisha vichwa, wakaomba. Mie nilibaki namtazama, macho wazi.

Kwetu anayeteleza hutengwa. Haimbi, hapigi, hashiriki meza ya Bwana. Anakaa benchi la nyuma mpaka siku ya kurudi kundini, ambapo husimamishwa mbele ya watu wote, anaulizwa na mzee, anakiri, halafu wimbo wa toba unaimbwa. Lusungu alikaa benchi lile na mimba, akakaa na kichanga. Wakati wa nyimbo vidole vyake vilikuwa vinapiga mgongoni mwa mtoto. Piano nikapewa mie. Mzee Eliaichi, mmoja wa wazee wale, aliniita akaniambia, "Binti, Mungu amekufungulia mlango." Nilimjibu, "Asante, shikamoo," kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Lusungu akakubali kurudi kundini. Nilimuuliza kwa nini.

"Nataka piano yangu," alisema. "Watauliza, nitajibu, nitakaa. Dakika tano tu."

Jumapili ilipofika akasimama mbele, mtoto mgongoni, kanga ya mama yake kiunoni. Mzee Eliaichi akavaa miwani.

"Lusungu, unakiri mbele za Mungu na kusanyiko hili kwamba ulianguka?"

"Nakiri."

"Unajutia?"

Akageukia upande wa kwaya. Ansbert alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, mbele ya kwaya, anapekua kitabu cha nyimbo kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

"Najutia," Lusungu akasema. "Ila sikuanguka peke yangu. Na mwenzangu amesimama hapa, hata hajaulizwa."

Kanisa likavuma. Mzee Eliaichi akanipungia mkono: piga wimbo, piga upesi, umfunike. Nikaondoa mikono kwenye piano, nikaiweka mapajani.

"Wewe!" Ansbert akaninong'oneza kwa ukali. "Piga!"

Sikupiga.

Akaamua kuanzisha kwa mdomo. Lakini kwaya yetu imezoea kupewa sauti na piano, na yeye Ansbert hajawahi kujifunza kuitafuta, Lusungu ndiye aliyekuwa anampa. Akaanzia juu. Besi wakakabwa, kisha wakanyamaza. Sauti ya kwanza wakapanda wakapanda, walipofika katikati ya ubeti ikatoka yowe, siyo wimbo. Monica akafunga kitabu chake puu.

"Umeanza juu mno, Ansbert," Lusungu alisema, taratibu kabisa. "Shusha."

Watu waliangua kicheko. Ansbert akatoka kwa mlango wa kwaya akifuta jasho.

Mnadhani walimwita wazee? Thubutu! Jumapili iliyofuata alikuwa mbele na suti nyingine. Aliyeitwa ni Lusungu. Akaambiwa toba yake haikuwa na unyenyekevu, arudi benchi la nyuma. Piano ikatiwa kufuli, na Mzee Eliaichi akanitumia ujumbe nikachukue ufunguo nikiwa tayari kuheshimu ibada.

Sikwenda. Nilijiona jasiri. Nikamwambia Lusungu, nikitegemea anisifu.

"Mjinga wewe!" akanifokea, mikono imejaa unga. "Piano imekosa nini? Mie wamenifukuza, na wewe unajifukuza? Nenda kachukue."

Nilienda. Nilisema shikamoo, nikapokea ufunguo, nikasikiliza mahubiri mafupi ya mlangoni. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Lusungu nikauweka kwenye meza ya maandazi, katikati ya unga.

Alasiri ile ile tuliingia kanisani. Badru mlinzi alitufungulia geti. Yeye wa msikitini, alisema tu, "Karibuni, humo kimya kimezidi." Lusungu alinipa mtoto, akafungua kufuli, akafungua na madirisha yote ya upande wa barabara. Hakuanza na wimbo wa toba. Alipiga Bach, kwa nguvu, sauti zikafukuzana mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakazima mashine.

Mzee Eliaichi anakaa nyumba ya pili kutoka kanisani. Alifika mlangoni na kandambili, anahema.

"Nani amekupa ruhusa?"

Lusungu hakuinua kichwa. Mtoto wa Ansbert alikuwa kifuani kwangu, macho pima, anasikiliza. Nami nikasogea nikakaa benchi la mbele.