Pipa Lililonyamaza

Mpaka leo, harufu ya kutu kwenye maji ya moto hunisisimua mwili.

Huko Kingi, milimani, wazazi wangu walitumika kwa muzungu mwenye shamba. Nyuma ya nyumba, pipa la chuma lilichemsha maji ya kuoga kwa kuni za mikaratusi. Kibomba chake cha mvuke kilishika ukoko mweupe, na kila Jumamosi Papa alizima moto, akakizibua. Kisha wageni wakajaa nyumbani kwa muzungu.

"Usizime," Madamu, mke wa muzungu, alimwambia. "Utasafisha wakienda."

Asubuhi moja mvuke uliacha kuvuma. Pipa likaanza kuvimba, likitoa mlio kama wa ng'ombe mgonjwa. Mama aliangusha nguo alizokuwa anafua.

"Papa ya batoto, ile kitu haipumui tena! Toka pale!"

"Acha nitoe moto kwanza. Mutoto ya Madamu iko anaoga."

Alivuta ukuni mmoja, kisha mwingine. Pipa likapasuka.

Mtoto alitoka bafuni akilia, mzima. Papa alipona, ila macho yake yaliishia pale; hakuona tena. Tangu hapo, kila nilipomwekea maji ya kuoga, hata ya baridi, alisimama mbali kwanza, akasikiliza.